Uzi maalumu: Kupanda rolakosta ukiwa na mwili mkubwa au tatizo la kiafya (viti, mikanda, moyo, kisukari na mengineyo)

#1 Reli Tatu

Wakuu, habari za humu.

Swali la "ukiwa na kilo ngapi unazuiwa?" haliishi, na majibu yake huwa namba za kubahatisha. Rolakosta nyingi, yaani zile treni za burudani za vilima na kona kali, hazina kikomo cha kilo kilichobandikwa mlangoni. Kinachoamua ni kama kizuizi cha kiti (kile kinachoshushwa kumshika abiria) kimeshuka hadi kiwango cha chini kilichowekwa na mtengenezaji. Kisipofika hapo abiria hushushwa, hata kama ana kilo 95. Kikifika, wa kilo 140 anapanda.

Kwa hiyo wekeni mizani pembeni, chukueni tepu ya fundi cherehani. Pimeni kifua, tumbo, paja na shavu la mguu. Tumbo lipimwe mtu akiwa AMEKAA, kwa sababu ukikaa linasogea mbele na kupanda juu ya mapaja, na hapo ndipo baa, yaani kizuizi cha chuma kinacholala mapajani, hukwama.

Kila aina ya kiti ina mahali pake pa kukwama. Kizuizi cha mabega hukwama kifuani na juu ya tumbo. Baa ya mapajani hukwama kwenye tumbo la chini na unene wa mapaja. Viti vya kupanda kama pikipiki hukwama kwenye miguu chini ya goti. Mwenye makalio makubwa na tumbo dogo anaweza kupanda karibu zote za kizuizi cha mabega na akakataliwa kwenye baa ya mapajani yenye kiti chembamba. Mwenye kifua kikubwa huwa kinyume chake.

Kwa majina: rolakosta za kuning'inia za kampuni ya Bolliger & Mabillard (zile ambazo miguu inaelea na reli iko juu ya kichwa) huwa na viti vichache vya abiria wakubwa, mara nyingi kwenye safu za katikati ya treni. Utavitambua kwa mikanda miwili badala ya mmoja. Usikae popote tu halafu ukakata tamaa. Mwambie mhudumu KABLA ya kupangiwa safu. Rolakosta ndefu za kampuni hiyohiyo, kama Fury 325 ya paki ya burudani ya Carowinds, Marekani, zina kizuizi kinachoshuka katikati ya mapaja na kuacha nyonga wazi pembeni. Kwa watu wengi wenye nyonga pana hizi ndizo rafiki kuliko zote.

Millennium Force ya paki ya Cedar Point, Marekani (ilifunguliwa 2000, kimo mita 94.5, kasi kilomita 150 kwa saa) ni habari nyingine. Pale baa si tatizo sana. Tatizo ni mkanda wa kiti, ambao ni mfupi. Steel Vengeance ya paki hiyohiyo (2018) ina mkanda, baa ya mapajani, na kinga ya miundi inayoshuka pamoja na baa. Mwenye mashavu ya miguu manene au mapaja marefu anaweza kuzuiwa na ile kinga huku tumbo lake likiwa halina shida yoyote.

Karibuni tuongezee.

#2 Fundi Pini

Umeanza vizuri mkuu. Niongezee upande wa ufundi, maana watu hulalamika "baa imenishika kabisa lakini bado wamenishusha".

Kuna vizuizi vya meno na vya haidroliki. Vya meno hujifunga hatua kwa hatua, unasikia klik, klik, klik. Ukiwa katikati ya jino na jino, unapoteza sentimita moja au mbili ambazo pengine ndizo ulizohitaji. Vya haidroliki hujifunga popote vinapofika, havina hatua. Ndiyo maana mtu yuleyule anaweza kuingia kwenye rolakosta mpya na akakataliwa kwenye ya zamani.

Sasa mkanda. Wengi wanadhani mkanda ndio unaokushika. Kwenye rolakosta nyingi kazi kubwa ya kukushika ni ya baa. Mkanda ni kinga ya pili, na pia ni KIPIMO. Urefu wake umekatwa makusudi: ukifunga, maana yake kizuizi kimeshuka vya kutosha. Hivyo kuja na kiungio cha kurefusha mkanda, kama vile vya kwenye ndege, hakusaidii wala hakuruhusiwi. Utakuwa umerefusha rula ili upate urefu unaoutaka.

Tena kushikwa sana si lazima iwe kushikwa vizuri. Baa iliyozama kwenye tumbo laini inabana na inauma, lakini haijafika kwenye mapaja wala mfupa wa nyonga. Treni ikipita juu ya kilima kwa kasi, mwili unarushwa juu. Tumbo linabonyea, na ghafla kuna nafasi ambayo kituoni haikuwepo. Baa inayolala juu ya mapaja, karibu na nyonga, ndiyo inayozuia mtu kunyanyuka. Steel Vengeance ilitangazwa kuwa na sekunde 27.2 za kuelea kitini kwa safari moja. Hizo ni sekunde 27 ambazo uzito wako haukukalishi tena. Kinachokukalisha ni chuma.

#3 Tuliza Foleni

Naomba kuuliza wakuu. Zile baa za zamani ambazo ni moja kwa abiria wawili, mtu mnene akikaa na mtoto inakuwaje?

#4 Fundi Pini

> *Tuliza Foleni: ...baa ambazo ni moja kwa abiria wawili...*

Swali zuri sana. Baa ya pamoja husimama kwa mkubwa wa wawili. Mdogo anabaki na pengo kati ya baa na mapaja yake. Akiwa mtoto aliyetimiza urefu wa chini kwa sentimita chache tu, pengo hilo ni hatari ya kweli kwenye vilima na kona.

Kanuni: kaeni kwa ukubwa unaolingana. Mnene na mnene, mtoto na mtoto mwenzake au na mtu mwembamba. Kama paki inataka mtoto asindikizwe, amsindikize aliye mwembamba zaidi katika familia. Isipowezekana, tafuta rolakosta yenye baa ya kila mtu peke yake.

#5 Reli Tatu

Naweka hatua za kukaa, kwa sababu wengi hukataliwa kwa sentimita mbili ambazo wangezipata kwa kukaa vizuri.

Toa kila kitu mifukoni: simu, pochi, funguo. Mkoba wa kiunoni uvuliwe. Koti zito na sweta lenye kofia nyuma vinaongeza unene mgongoni, na mgongo ukisogea mbele tumbo nalo linasogea mbele. Suruali nyepesi kuliko jinzi nene.

Ukiingia, simama mbele ya kiti, kaa, kisha inua makalio kidogo na kuyasukuma nyuma mpaka yaguse egemeo. Hapa ndipo makosa huanzia: mtu anaketi na kuacha nafasi ya kiganja nyuma ya kiuno, tumbo linakuwa mbele kuliko inavyohitajika. Egemeza mgongo wote, weka nyayo sakafuni kama kiti kina sakafu.

Kama mkanda umefungwa kwenye kiti chenyewe, funga mkanda KWANZA, baa baadaye. Uvute chini ya tumbo, ukae kwenye nyonga, usipite katikati ya kitovu. Angalia haujajikunja, maana kila mkunjo unakula urefu. Kama mkanda unaunganisha kizuizi cha mabega na kiti, basi kizuizi kwanza. Toa pumzi yote, kishushe wakati mapafu yako matupu, funga, ndipo uvute hewa. Mwenye tumbo analinyanyua kwa mikono miwili, baa ipite chini yake ikalale juu ya mapaja. Hakuna wa kukucheka. Wahudumu huliona jambo hilo kila siku.

Mhudumu anaweza kukusaidia kusukuma. Mwombe kwa maneno: "Naomba unisukumie." Lakini kama baa imefika tumboni na kupumua kumekuwa kwa shida, mwambie aachie. Safari ya dakika mbili hadi tatu yenye nguvu mara nne ya uzito wako huku umebanwa mbavu haina raha yoyote.

Jambo la mwisho, kiti cha majaribio. Rolakosta nyingi kubwa zina kiti kimoja nje ya foleni. Kitumie, ila uliza mambo mawili: je, ni sawa na viti vya kawaida au ni sawa na vile vya mikanda miwili? Na je, kuna alama au taa inayoonyesha kuwa kizuizi kimefika? Viti vingine vya majaribio havina taa, na mtu huondoka akiamini amefaulu kwa sababu tu kizuizi kilijifunga. Nenda paki inapofunguliwa, watu wakiwa wachache, ujaribu viti vyote unavyovitaka bila macho ya foleni.

#6 Nesi wa Zamu

Dondoo za kiafya, maana vibao vya mlangoni husema "ugonjwa wa moyo, mgongo, shingo, ujauzito" na kuishia hapo, bila sababu. Ukijua sababu ndipo unaweza kuzungumza na daktari wako kwa maana.

Moyo kwanza. Watafiti wa Mannheim, Ujerumani, waliwapima abiria kwenye rolakosta ya Expedition GeForce (kimo mita 62, kasi kilomita 120 kwa saa). Wastani wa mapigo ulipanda kutoka 91 hadi 153 kwa dakika. Hao walikuwa watu wenye afya. Kwa mwenye mishipa ya moyo iliyoziba au mapigo yasiyo na mpangilio, mruko huo wa ghafla ndio hatari, kuliko hata kasi ya treni. Shinikizo la damu lililodhibitiwa kwa dawa si sawa na lisilodhibitiwa; usipande siku ulizoruka dozi.

Dawa za kuyeyusha damu, kama watu wanavyoziita, warfarin na wenzake: kichwa kikitikiswa, mishipa midogo kati ya ubongo na fuvu inaweza kuchanika. Kwa mtu wa kawaida ni nadra mno. Kwa anayetumia dawa hizi damu haigandi upesi, hivyo mchaniko mdogo unakuwa mkubwa. Ripoti za kitabibu za kuvuja damu kichwani baada ya rolakosta zipo. Maumivu ya kichwa yanayozidi siku au wiki baada ya kupanda, au udhaifu wa upande mmoja wa mwili, ni hospitali moja kwa moja, na umwambie daktari kuwa ulipanda rolakosta. Asipoambiwa hawezi kubahatisha.

Ujauzito hauna mjadala, hata wa wiki chache. Mtikisiko na mbano wa baa vinaweza kuachanisha kondo na ukuta wa mfuko wa uzazi.

Aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo, jicho au uti wa mgongo asubiri ruhusa ya aliyempasua. Mwenye mfuko wa choo tumboni aumwage kabla ya foleni na achague kizuizi cha mabega kisichogusa tumbo la chini. Baa ya mapajani inaweza kuubana mfuko mahali ulipobandikwa. Mwenye pumu, dawa ya kuvuta iwe kwenye mfuko wenye zipu, isiwe mkononi. Mwenye kifafa kinachoamshwa na mwanga aulize kuhusu rolakosta za ndani ya jengo: humo ndimo kuna taa za kumetameta, na mara nyingi hazionekani kutoka nje.

#7 Sukari Sawa

Shukrani dada Nesi. Kwa upande wa kisukari niseme haya.

Baadhi ya watengenezaji wa pampu za insulini huagiza pampu ivuliwe kabla ya rolakosta zenye sumaku kali. Siku hizi hizo ni nyingi, kwa sababu treni nyingi mpya husukumwa au kufungwa breki kwa sumaku. Soma kitabu cha pampu yako, siyo ya jirani. Kama ni ya kuvua, ivue ukiwa karibu kabisa kuingia kituoni, si mwanzoni mwa foleni ya dakika 90. Mkabidhi mwenzako asiyepanda. Ukishuka irudishe mara moja. Kukaa bila pampu kusizidi saa moja hivi bila mpango uliokubaliana na daktari.

Kihisi cha sukari cha mkononi husuguliwa na kizuizi cha mabega na kung'oka. Kibandike nyuma ya mkono kuelekea chini, au weka plasta ya kukifunika.

Woga hupandisha sukari kwa muda, halafu kutembea paki nzima kutwa nzima huishusha. Pima kabla ya foleni na baada ya kushuka. Uwe na gramu 15 za sukari ya haraka kwenye mfuko wenye zipu, kwa sababu treni inaweza kusimama juu ya kilima na ukakaa huko muda mrefu.

#8 Tuliza Foleni

Na wenye kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo kilichopandikizwa? Humo humo kwenye sumaku?

#9 Nesi wa Zamu

Sumaku kali ikikaribia sana kifaa, hukibadilisha mwenendo: cha kuratibu mapigo huanza kupiga kwa kasi isiyobadilika bila kusikiliza moyo, na cha kushtua moyo husitisha ulinzi wake kwa muda wote sumaku ikiwa karibu. Ushauri wa kawaida kwa vitu vyenye sumaku ni kuviweka angalau sentimita 15 kutoka kifuani. Sumaku za breki ziko relini na chini ya behewa, si kifuani, na nguvu ya sumaku hupungua haraka sana kwa umbali.

Kwa maoni yangu hofu ya sumaku imewekwa mbele kuliko inavyostahili. Mambo mawili yana uzito zaidi: ule ugonjwa uliofanya uwekewe kifaa, na kizuizi cha mabega kinachokaa juu ya kifaa chenyewe chini ya mfupa wa mtulinga. Wiki za mwanzo baada ya kupandikizwa, waya bado hazijashika vizuri moyoni, hivyo rolakosta hapana. Baada ya hapo muulize mtaalamu wa moyo, na ukikubaliwa chagua za baa ya mapajani.

#10 Mzee wa Kona

Mimi naona wahudumu wa paki wanazidisha. Mtu amekosa sentimita moja, anakubali mwenyewe hatari, kwa nini asiachwe apande?

#11 Fundi Pini

Mzee wangu, kwa heshima, hapana.

Machi 2022 huko Orlando, kwenye mnara wa kudondosha watu wa ICON Park, kijana wa miaka 14 alichomoka kitini akafa. Mwongozo wa mtengenezaji uliweka kikomo cha kilo 130, naye alizidi. Uchunguzi uligundua kihisi cha kiti chake kilikuwa kimerekebishwa kwa mkono ili taa ya usalama iwake kizuizi kikiwa wazi karibu mara mbili ya kawaida. Taa iliwaka, mashine ikaruhusu. Mnara si rolakosta, lakini kizuizi ni kilekile.

Mwaka 2013, kwenye Texas Giant ya Six Flags Over Texas, mwanamke alirushwa nje. Treni zile zilikuwa na baa tu. Zilipofunguliwa tena mwaka huohuo zilikuwa zimeongezwa mikanda, na kiti cha majaribio kikawekwa mlangoni.

Abiria hawezi "kukubali hatari" peke yake. Mwili ukitoka kwenye treni unaangukia walio chini. Na mhudumu wa kituoni hana mamlaka ya kuamua sentimita moja. Akiruhusu, yeye ndiye wa kwanza kuulizwa.

#12 Mzee wa Kona

Nimekuelewa fundi. Naondoa hoja.

#13 Gurudumu Pembeni

Mmesahau wenye viungo bandia na watumiaji wa viti vya magurudumu.

Sharti la miguu halikuwekwa kuwabagua. Baa ya mapajani inahitaji mapaja. Mwaka 2011, kwenye Ride of Steel ya Darien Lake, mwanajeshi mstaafu aliyepoteza miguu yote miwili vitani alirushwa nje akafa. Kanuni za paki ile zilidai miguu miwili, wahudumu walimruhusu. Kwa hiyo ulizeni kwa maneno mahususi: rolakosta hii inataka miguu mingapi, kuanzia wapi (juu ya goti au chini), na mikono mingapi ya kujishikilia? Paki kubwa zina kitabu cha masharti hayo, kila mashine kivyake. Kiombe ofisi ya wageni au kisome kwenye tovuti yao kabla ya kununua tiketi.

Mguu bandia unaoshikwa kwa mvuto wa hewa tu unaweza kuchomoka miguu ikining'inia. Paki nyingine hutaka uvuliwe, nyingine hutaka ufungwe kwa mkanda wa ziada. Usisubiri kuulizwa kituoni.

Wa kiti cha magurudumu: wahudumu kwa kawaida hawainui mgeni. Uhame mwenyewe au uje na mtu wa kukuhamisha. Uliza kuna hatua ngapi kati ya sakafu ya kituo na kiti, na upande gani wa behewa uko wazi. Na fikiria njia ya kushuka treni ikikwama kwenye mpando: pale kuna ngazi nyembamba ya chuma tu. Mwambieni mhudumu mapema kama huwezi ngazi.

#14 Reli Tatu

Kwa wenye mgongo na shingo: kiti ni muhimu kuliko jina la rolakosta. Za mbao zenye mabehewa ya safu tatu, safu ya katikati haiko juu ya magurudumu, inatikisa kidogo. Safu ya nyuma kabisa ya treni ndefu huvutwa juu ya kilima kwa kasi, hivyo mrusho ni mkali. Mbele au katikati ni tulivu zaidi. Kwenye za kizuizi cha mabega, kichwa kiegemee kiti muda wote. Usikiinamishe pembeni kumtazama jirani. Shingo iliyokunjwa ikikutana na kona ndiyo inayoumia.

Macho yakianza kuwa meusi pembeni chini ya mteremko mkubwa, damu inaelekea miguuni. Kaza mapaja, matako na tumbo kabla ya kufika chini. Kunywa maji na ule kitu chepesi mapema. Njaa na jua huongeza tatizo hilo.

#15 Sukari Sawa

Kichekesho chenye ukweli: mwaka 2016 watafiti wa Michigan State University walipanda Big Thunder Mountain Railroad ya Walt Disney World wakiwa na mfano wa figo wenye mawe ndani. Viti vya nyuma mawe yalipita karibu asilimia 64, vya mbele karibu asilimia 17. Msije mkaacha dawa, lakini nafasi ya kiti ina maana kuliko tunavyodhani.

#16 Gurudumu Pembeni

Tukiwa hapohapo Disney: rolakosta ya TRON Lightcycle / Run ya paki ya Magic Kingdom hupandwa kama pikipiki, kifua mbele, na kizuizi hushika mgongo na miguu. Baadhi ya treni zina viti vya kawaida nyuma kabisa kwa asiyeweza kile cha pikipiki. Sema mlangoni, utasubiri treni yenye viti hivyo. Rolakosta ya Hagrid kule paki ya Universal Orlando ina pikipiki na kibehewa chake cha pembeni, vizuizi tofauti. Jaribu vyote viwili kwenye kiti cha majaribio, usikubali jibu la kimoja.

Na msidhani mashine za polepole ni salama kwa mwili mkubwa. Mario Kart ya Universal Studios Hollywood, ambayo haikimbii hata kidogo, inaonya kuwa wenye kiuno cha inchi 40 (kama sentimita 102) na zaidi huenda wasiingie.

#17 Tuliza Foleni

Aisee, inchi 40 ni saizi ya suruali ya watu wengi tu! Wanapima kiuno cha suruali au tumbo?

#18 Reli Tatu

Usitegemee lebo ya suruali. Wengi huvaa suruali chini ya tumbo, kwa hiyo lebo inasema 38 huku tumbo likiwa 44. Pima kwa tepu ukiwa umekaa, pale palipo panene zaidi, halafu uende na namba hiyo mpaka kwenye kiti cha majaribio.